Kabla ya Dracula Kulikuwa na Mumiani: Stori za Gothiki kwa Wanaoanza

Wadau, sheria ya hapa mnaijua. Hatutaji majina. Tunaandika "staa mmoja wa Bongo Fleva", "bosi fulani mwenye nyumba mbili", halafu nyie wenyewe mnamalizia. Leo umbea tunauweka pembeni kidogo, ila mtaona hatujaenda mbali sana.

Sababu ni madogo wa sekondari hapa Kurasini. Wanaona video za watu waliojipaka unga usoni, meno marefu, kanzu nyeusi, wanaambiwa hiyo ni "gothiki", wanakuja kuniuliza maana yake. Mimi niliishia kidato cha nne, sina digrii ya fasihi, ila stori za kutisha nimezisoma sana, za Kizungu na za kwetu. Kwa hiyo kaa nikupe historia yake, mdogo wangu, na mwisho nitakwambia uanze na kitabu gani. Nakwambia mapema kabisa, hakitakuwa Dracula.

Tuanze na jina. Wagothi walikuwa watu wa zamani huko Ulaya. Karne nyingi baadaye jina lao likabandikwa kwenye aina ya majengo, makanisa marefu ya mawe yenye madirisha membamba yaliyochongoka juu. Ukitaka kuona sura yake huhitaji viza. Toka Kurasini, pita Bandarini, nyoosha hadi Sokoine Drive, simama mbele ya kanisa la Mtakatifu Yosefu. Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1897 wakamaliza 1902, na waliiga mtindo huohuo. Angalia yale madirisha na ule mnara jua likizama. Sasa fikiria jengo kama hilo ila limeachwa miaka mia tatu, usiku, taa hakuna, na ndani kuna mtu anatembea. Stori za gothiki zilizaliwa kwenye wazo hilo.

Aliyezianzisha alikuwa mtoto wa kishua kwelikweli. Horace Walpole, baba yake alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Jamaa alikuwa mbunge, ana hela, na nyumba yake ya Strawberry Hill aliijenga ifanane na kasri la zamani, kwa kujifurahisha tu. Usiku mmoja wa Juni 1764 akaota mkono mkubwa wa chuma umeshika ukingo wa ngazi. Akaamka akaanza kuandika, na Desemba mwaka huohuo kitabu kikatoka: The Castle of Otranto. Lakini hakuweka jina lake! Alidai ni tafsiri tu ya kitabu cha zamani cha Kiitaliano, jina la mwandishi la uongo, jina la mtafsiri la uongo. Watu walipokipenda ndipo akajitokeza kwenye toleo la pili, mwaka 1765, akaongeza maneno kwamba hii ni hadithi ya Kigothi. Ndiyo maana mpaka leo tunatumia jina hilo. Kuficha jina, kusikilizia watu wanasemaje, halafu kujitokeza. Mbinu ya mjini hiyo, miaka 260 iliyopita.

Stori yenyewe inaanza na harusi. Bwana mkubwa wa kasri, Manfred, anamuoza mwanawe wa pekee. Siku ya harusi linadondoka helmeti la chuma kubwa kuliko nyumba, sijui kutoka wapi, linamponda bwana harusi palepale uani. Ukisoma unaweza kucheka. Ila endelea. Manfred badala ya kulia anataka kumuoa yeye yule mchumba wa mwanawe, binti anakimbia kupitia njia za chini ya ardhi, na taratibu siri inatoka: babu yake Manfred alimpa sumu mwenye kasri halali akaghushi wosia. Nyumba yote ile ni ya wizi. Yale mavitu makubwa ya chuma ni mwenye mali anarudi kudai chake.

Hapo ndipo gothiki ilipo. Popo na mishumaa ni mapambo. Kuna nyumba, kuna urithi, kuna dhuluma iliyofanywa zamani na watu wakubwa, na kuna kitu kinachokataa kunyamaza. Sasa niambie, nani hapa Dar hajawahi kusikia hiyo kesi? Kila mtaa una nyumba ya urithi ambayo ndugu hawaongei. Kila mtaa una pagale. Sisi kasri hatuna, tuna pagale, limefika kwenye lenta likaishia hapo, miti imeota ndani, na watoto wanaambiwa wasipite saa moja jioni. Ukiuliza kwa nini ujenzi ulisimama utapewa stori tatu tofauti, na kwenye zote kuna mtu aliyekufa ghafla na ndugu aliyefaidika. Otranto hiyo, ipo nyuma ya gereji.

Baada ya Walpole walikuja wengi, sitawataja wote. Ann Radcliffe lazima nimtaje, kwa sababu ya kitu kimoja tutakachokihitaji mbele. Mwaka 1794 alitoa The Mysteries of Udolpho, wachapishaji wakamlipa pauni 500, ambayo kipindi hicho ilikuwa hela ya kutisha kuliko kitabu chenyewe. Binti yatima kafungiwa kwenye kasri milimani, anasikia sauti, anafunua pazia jeusi, anaona kitu, anazimia. Radcliffe anakuacha hapohapo mamia ya kurasa. Mwisho anakwambia: kilikuwa sanamu ya nta. Zile sauti nazo zilikuwa watu. Mizimu yake karibu yote ina maelezo. Wapo wasomaji waliokasirika. Mimi naona huyu mama alikuwa mkali kuliko wote, kwa sababu pazia likishafunuliwa anayebaki wa kuogopwa ni yule mwanaume aliyemfungia binti ili amnyang'anye mali.

Mary Shelley unamjua hata kama humjui. Mwaka 1815 mlima Tambora ulilipuka Indonesia, moshi na majivu yake yakaharibu hali ya hewa ya dunia, na mwaka 1816 Ulaya haikupata kiangazi. Mary, miaka 18, yuko Uswisi na washkaji zake, mvua haikatiki, wakapeana shindano la stori za kutisha. Yake ikawa Frankenstein, ikatoka Januari 1818, na kwenye jalada jina lake halikuwepo. Na kumbuka, Frankenstein ni jina la mtengenezaji. Yule kiumbe hana jina kabisa. Aliyemtengeneza alimkimbia kabla hata ya kumuita.

Sasa Dracula, 1897, mwaka uleule lile kanisa letu lilianza kujengwa. Nyie watu wa bandarini hiki kitabu ni chenu, sikilizeni. Bwana mkubwa kutoka milimani huko mashariki mwa Ulaya ananunua nyumba London kwa kutumia mwanasheria. Anajifunza Kiingereza mpaka lafudhi, ili akitembea barabarani asionekane mgeni. Halafu anasafiri kwa meli na mzigo wa masanduku 50, na ukisoma makaratasi, mzigo ni udongo. Baharini mabaharia wanapotea mmoja mmoja. Meli inaingia bandarini, nahodha amekufa, amejifunga kwenye usukani. Na unajua kinachofuata? Mzigo unatolewa! Mawakala wanafanya kazi yao, makaratasi yako sawa, masanduku yanapakiwa yanapelekwa kwa mwenye nyumba. Hakuna aliyefungua hata moja. Sisi ambao tuna mtaa unaitwa Shimo la Udongo na malori ya makontena yanapita usiku kucha tunaelewa hiyo sehemu vizuri kuliko msomaji wa London.

Ila kuna jambo nataka madogo walijue kabla hamjaanza kumuita Dracula baba wa wanyonya damu. Kwanza hata kwao hakuwa wa kwanza, daktari mmoja kwenye lile kundi la Mary Shelley, John Polidori, alishatoa stori ya mnyonya damu mwaka 1819. Pili, na hili ndilo la kwetu: fungua kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Ludwig Krapf, aliyeishi miaka mingi Rabai karibu na Mombasa. Ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Neno mumiani limo. Anaeleza kuwa ni dawa ambayo watu wa pwani waliamini Wazungu wanaitengeneza kwa damu ya binadamu. Miaka 15 kabla ya Dracula! Na angalia mnyonya damu wa nani ni nani. Kwenye kitabu cha Waingereza, anayekuja na meli kunyonya ni mgeni kutoka mashariki. Kwenye neno letu, anayekuja na meli kunyonya ni Mzungu.

Mumiani akakua na ukoloni. Watu walikuwa wanachomwa sindano hospitali bila kuelezwa, damu inachukuliwa kwa utafiti, kodi inadaiwa, vijana wanaondoka kwenda kazini wengine hawarudi. Stori ikapata magari na sare. Miji ya Afrika Mashariki ilianza kuwaogopa watu wa zimamoto, magari mekundu, mipira mirefu, matangi, kazi yao usiku, na neno wazimamoto lenyewe huko Kenya na Uganda likawa na maana ya wanyonya damu. Juni 1947 umati ulivamia kituo cha zimamoto Mombasa kwa imani hiyo. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizi akazifanyia kitabu kizima, Speaking with Vampires, mwaka 2000. Hakuwacheka waliosimulia. Alizichukua kama njia ya kujua watu wa kawaida waliuonaje ukoloni. Dhuluma ilikuwepo kweli. Aliyekosekana kwenye stori ni mtu mwenye jina.

Na hapa ndipo mimi naona tofauti kubwa, kuliko hata ile ya popo na kasri. Stori ya gothiki inaanza na kitu kisichojulikana, inaishia na jina. Ni Manfred. Ni yule mlezi wa Udolpho. Ni Count Dracula, nyumba yake iko mahali fulani, masanduku yake ni 50, tunayahesabu. Fununu ya mumiani inaanza bila jina na inaishia bila jina. "Wapo watu." "Kuna gari jeupe." "Jamaa yangu kaambiwa." Kwa kuwa hana sura, sura yoyote inamtosha.

Mwaka 1995, miezi kadhaa kabla ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi baada ya miongo mingi, Pemba ilishikwa na popobawa. Wengi wenu mnalitumia hilo jina kama utani. Kipindi kile watu walilala nje, familia nzima, wamezunguka moto, kwa sababu anayelala ndani peke yake ndiye anayefuatwa. Hofu ikavuka hadi Unguja, ikavuka hadi huku kwetu. Pale Unguja umati ulimuua mtu mmoja mgonjwa wa akili aliyekuwa ametoka bara, wakiamini ndiye. Mwaka 2007 popobawa akarudi Dar kwenye midomo ya watu, mpaka vyombo vya habari vya nje vikaandika.

Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Watu watatu, watafiti wawili na dereva wao, walitoka kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Udongo tu, wa shambani. Gari geni, vifaa vya ajabu, watu wasiojulikana. Ikapigwa kelele kwamba ni wanyonya damu. Waliuawa, miili na gari vikachomwa moto. Hiyo siyo karne ya 18 na siyo kasri la Italia. Mwaka 2016 wengi wenu mlikuwa tayari na simu.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuwasomesha vijana stori za kutisha ni kuwaharibu akili, namwambia stori za kutisha wanazo tayari, wanatumiwa kila siku kwenye makundi, hazina jalada wala mwandishi wala ukurasa wa mwisho. Bora wapate na zile zenye ukurasa wa mwisho.

Na ya kwanza ya kumpa ni ya kwetu. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Zanzibar, mwaka 1918. Kazi yake ya kwanza alikuwa mkaguzi wa idara ya afya kwa miaka kumi, yaani mtu wa kuingia uani kwako kuangalia uchafu umefichwa wapi. Baadaye akawa mhariri wa magazeti. Miaka ya 1957 na 1958 Shirika la Fasihi la Afrika Mashariki liliendesha shindano la hadithi za Kiswahili, yeye akashika namba moja kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa mwaka 1960.

Tajiri mmoja anakutwa ameuawa kwenye mzimu, lile eneo la matambiko ambalo watu wanaliogopa. Jibu kila mtu analo: wa kale wamekasirika. Ukiishia hapo kesi imefungwa, polisi walale. Lakini anaingia Bwana Msa na kiko chake mdomoni, rafiki yake Najum pembeni, anaanza kuuliza maswali madogo madogo. Nani alimuona mara ya mwisho? Nani alikuwa anamdai? Watu wanasema alirithi kazi ya Sherlock Holmes, ni kweli kabisa. Ila mimi nikisoma naona na yule mama wa Udolpho. Pazia jeusi lipo, ni mzimu. Abdulla anakuacha uogope vizuri, haudharau mzimu wala hawacheki wazee, halafu analifunua. Aliyeko nyuma ni binadamu mwenye sababu zake. Nani? Simwagi mchuzi hapa.

Ukikimaliza kuna Kisima cha Giningi, 1968. Giningi kwenye imani za visiwani ni pale wachawi wanapokutana, kwa hiyo kwa msomaji wa Zanzibar jalada tu lilitosha kumfanya asogee karibu na taa. Jina hilohilo Said Ahmed Mohamed alilichukua kwenye tamthilia ya Kivuli Kinaishi, 1990, ambayo wengi mmeisoma kidato cha tano na sita mkadhani ni ya mtihani tu. Irudie kama stori ya kutisha: nchi nzima imelishwa unga wa ndere, watu wanaona wanachoambiwa waone, na mtawala ni Bi Kirembwe.

Kitabu chake kingine nakipenda zaidi. Babu Alipofufuka, 2001. Mhusika mkuu ni kigogo, ana cheo, ana nyumba, ana kila kitu, na mwandishi anamuita K. Herufi moja, basi. Kama sisi na "bosi fulani" wetu. Babu yake aliyekufa anamtokea anamtoa kwenye raha zake, anamzungusha kumuonesha watu wanavyoishi kwa sababu yake. Mzimu huu hauhitaji damu, unahitaji K aangalie tu. Na K hataki. Kuna sehemu unajikuta unamuombea babu asichoke.

Nyie wa sinema nanyi mna historia yenu, miaka ya mwanzo ya 2000 Mussa Banzi alitutoa jasho na Nsyuka na Shumileta, enzi za mikanda, na vibanda umiza vilikuwa vinajaa mpaka mlangoni. Hiyo nitaiandikia siku yake.

Kwa anayeanza leo, fuata hivi. Mzimu wa Watu wa Kale kwanza, kitakuchukua siku mbili tatu. Kisha Frankenstein au Dracula kama Kiingereza chako kinaruhusu, hakimiliki zake zimekwisha zamani, vinapatikana bure mtandaoni na ni halali kabisa. Dracula ni barua na shajara, kwa hiyo soma kama unavyosoma meseji za watu wawili wanaofichana jambo. Otranto weka mwisho, ni fupi ila lugha yake ya zamani, na lile helmeti linahitaji msomaji aliyeshazoea.

Halafu nina kazi kwenu. Wengi mna bibi au babu aliyekulia Temeke, Keko, Mivinjeni, Kariakoo, aliyesimuliwa habari za mumiani wa mjini. Kamuulize jioni hii. Ukiirudisha hapa chini, jina lake usiliweke, ila weka mtaa, weka mwaka, na umuulize nani aliyeona kwa macho yake.